Miwani inakuumiza pua? Maswali ninayoulizwa kila siku pale kaunta

Kazi yangu ni kufiti miwani. Yaani ukishapimwa macho na lenzi zikishakatwa unakuja kwangu nakuvalisha, nakunja hapa nalegeza pale mpaka ikae. Katika maswali yote ninayopata, la pua ndilo linaongoza, tena kwa mbali, na linaniuma kwa sababu watu wengi hawaji kuuliza, wanaivua tu miwani na kuiacha kwenye droo. Mtu katoa hela yake, kakaa foleni ya kupima, kaambiwa macho yake yanahitaji msaada, halafu anarudi kuishi kwenye ukungu kwa sababu ya vipadi viwili vidogo vinavyokaa puani, kama punje za mahindi. Nimeyakusanya maswali hapa, soma lile linalokuhusu.

Miwani ni mpya, inauma, nimeambiwa nitazoea. Ni kweli?

Macho ndiyo yanayozoea. Ukibadilishiwa namba unaweza kuona sakafu kama imeinama, ngazi ziko mbali, kichwa kizito kidogo, hiyo inaisha ndani ya wiki moja au mbili. Pua haina cha kuzoea. Siku mbili tatu za kwanza utahisi kuna kitu kimekaa usoni, hiyo ni kawaida, lakini maumivu, ngozi kuchubuka, au kujikuta kila dakika kumi unaivua kupumzika, hapo miwani haijakaa vizuri na ikae mwezi ikae mwaka haitajirekebisha.

Nasema kwa uchungu kwa sababu yalinikuta. Miwani yangu ya kwanza nilipata nikiwa kidato cha pili, nikaambiwa vaa utazoea, nikavaa miezi minne na kidonda upande wa kulia, nachomeka pamba chini ya kipadi asubuhi kabla ya kwenda shule, mchana pamba imelowa jasho natoa naweka nyingine. Kuna siku fundi mmoja mzee akaiona, akaivua usoni kwangu bila hata kuniuliza, akaishika kwa mbele kama mtu anayetazama mstari kama umenyooka, akachukua plaizi nyembamba akakunja kipadi kimoja. Haikufika nusu dakika. Nikaivaa, nikasubiri iume, haikuuma. Miezi minne ile yote ilikuwa kwa ajili ya waya uliopinda.

Kwa nini iume pua na siyo sehemu nyingine?

Kwa sababu pua ndiyo inayobeba mzigo mkubwa. Lenzi ziko mbele, na lenzi ndizo nzito, mikono ya pembeni kazi yake ni kuzuia miwani isianguke mbele na kuchukua sehemu ya uzito kuipeleka masikioni. Mikono ikilegea, au kona ya nyuma ya sikio ikiwa haijakunjwa mahali pake, pua inabaki peke yake na kila kitu. Ndiyo maana mara nyingi mtu anakuja kulalamika pua mimi naanza kugusa masikio, ananishangaa, namwambia subiri.

Miwani zilizaliwa Italia mwishoni mwa karne ya 13 na kwa mamia ya miaka hazikuwa na mikono kabisa, zilikuwa zinakalia pua au zinaibana tu. Mikono ya kupita masikioni ilikuja karne ya 18. Kwa hiyo pua imeteseka muda mrefu, sisi leo tuna nyenzo zote za kuipumzisha, tuzitumie.

Pua yangu ni bapa na pana, ndiyo sababu?

Hili swali huwa mtu ananiuliza kwa sauti ya chini, kama anaungama. Dada mmoja aliniambia "kaka mimi pua yangu haijaumbwa kwa miwani". Naomba nilijibu kwa sauti kubwa: pua yako haina kosa lolote, kosa liko kwenye fremu.

Fremu nyingi zinazofika madukani zilichorwa kwa mtu mwenye pua ya upanga, ile iliyonyanyuka juu kati ya macho na nyembamba. Fremu ya hivyo ukiiweka kwenye pua ambayo mgongo wake uko chini na mabawa yamefunguka, haipati pa kushika, inashuka mpaka ifike mahali pua inapoanza kupanuka, inakwama pale inabana. Ukitabasamu mashavu yanaisukuma juu, ukiinama inateleza. Na ukiipandisha kwa kidole, kope zinagusa lenzi. Kama hayo yote yanakutokea basi fremu haikuwa yako tangu mwanzo.

Cha kutafuta ni mambo mawili. La kwanza, fremu yenye vipadi vilivyoshikwa na viwaya, siyo ile ya plastiki iliyomwagwa kipande kimoja, maana viwaya vinakunjika, naweza kuvisogeza ndani, nje, juu, nikavilaza vifuate mteremko wa pua yako mwenyewe. La pili, kama unapenda plastiki, zipo fremu zinazotengenezwa makusudi kwa pua zenye mgongo mfupi, pedi zake ni nene na zimetokeza zaidi, muulize muuzaji hivyo hivyo kwa Kiswahili: nataka fremu ya pua bapa. Akikuangalia kama hajaelewa, ivae, tikisa kichwa kama unakataa kitu, halafu inama uangalie viatu vyako. Ikibaki mahali pake umeipata.

Zile namba ndani ya mkono wa miwani zina maana gani?

Geuza mkono wa miwani upande wa ndani, utaona kitu kama 52 kisha kimraba kidogo kisha 18 halafu 140. Zote ni milimita. 52 ni upana wa lenzi moja, 18 ni nafasi iliyopo kati ya lenzi mbili yaani pale pua inapoingia, 140 ni urefu wa mkono. Wewe mwenye shida ya pua angalia hiyo namba ya katikati, fremu nyingi zinaanzia 14 mpaka 24. Kwenye fremu ya plastiki isiyo na viwaya, namba ikiwa ndogo kuliko pua yako itabana na kukaa juu, ikiwa kubwa itashuka na kukaa kwa mbele. Kama una miwani ya zamani ambayo haikuwahi kukuumiza, hata kama imevunjika, usiitupe! Soma namba yake uende nayo dukani.

Inateleza kutwa nzima, nimechoka kuipandisha kwa kidole.

Mimi naishi Dar na mwezi wa pili hapa ukitoka nje dakika tano uso unang'aa jasho, kwa hiyo nakuelewa. Ila kabla ya kulaumu joto tazama nyuma ya masikio. Mkono wa miwani unatakiwa uende umenyooka mpaka juu ya sikio, na pale sikio linapoanza kushuka ndipo mkono nao ukunje kushuka. Ikiwa kona iko nyuma zaidi, sentimita moja tu, miwani ina nafasi ya kuja mbele sentimita hiyo hiyo. Hiyo ndiyo sababu namba moja ninayokutana nayo.

Sababu ya pili watu hawaiamini mpaka wajaribu. Miwani inayobana kichwa nayo inateleza. Kichwa chetu kimetanuka kuelekea nyuma, sasa mikono ikiwa inabana sana pale pembeni ya paji inajisukuma yenyewe kwenda mbele, kama mbegu ya embe unavyoibana kwa vidole inaruka. Mtu anaomba "kaza kaza" kumbe ingefunguliwa kidogo ingetulia.

Ukishamaliza hayo ndiyo tunakuja kwenye jasho na mafuta. Osha miwani yote kila siku, siyo lenzi tu, na vipadi, kwa maji ya uvuguvugu na tone la sabuni ya maji. Osha na pua. Ukipaka losheni ya jua au foundesheni subiri inyonywe, dakika 10 hadi 15, ndiyo uvae. Vipadi vya silikoni vinashika vizuri kuliko vya plastiki ngumu. Na vipo vile vimpira vya kuchomeka mwisho wa mikono vinakaa nyuma ya sikio, bei yake ndogo na vinasaidia kweli, kwa wanaokimbia au wanaofanya kazi za kuinama ningeshauri kamba.

Nikiivua naona alama mbili nyekundu. Niogope?

Alama za rangi hafifu zinazopotea ndani ya nusu saa hivi, hapana. Lakini usizifute haraka, simama kwenye kioo uzisome, maana zinasema kila kitu. Mimi mteja akivua miwani kabla sijaigusa naangalia pua kwanza.

Alama ikiwa na umbo la yai, kote sawa, kipadi kimelala vizuri. Ikiwa ni mstari mwembamba uliokoza kwa juu, kipadi kimesimama kwa ukingo wake wa juu, kinachimba badala ya kulala. Mstari ukiwa chini ni kinyume chake. Ukiwa upande wa mbele karibu na ncha ya pua au upande wa ndani karibu na jicho, kipadi kimegeuka, hakijafuata mteremko. Uzito wa gramu 30 ukisambaa kwenye kipadi kizima huusikii, uzito huo huo ukikaa kwenye ukingo mwembamba kama ukucha, unakata. Dawa yake ni plaizi na jicho la fundi, na kama vipadi ni vidogo sana kubadilisha kuweka vikubwa zaidi kunasaidia kwa hesabu hiyo hiyo.

Inauma upande mmoja tu, mwingine hauna shida.

Miwani imepinda. Ifunue uiweke mezani kichwa chini, yaani ukingo wa juu wa fremu uguse meza pamoja na mikono. Ikicheza kama kiti chenye mguu mmoja mfupi, umepata jibu. Ila kuna watu sikio moja liko juu kuliko jingine, wengi tu, na kwao miwani iliyonyooka mezani itapinda usoni, kwa hiyo mwamuzi ni uso wako.

Inapindaje? Kuivua kwa mkono mmoja kila siku, kulala nayo, kuangalia simu umelalia ubavu, kuiweka juu ya kichwa kama pambo mpaka mikono inatanuka na nywele zinaingia kwenye viwaya. Vua kwa mikono miwili.

Vipadi vimegeuka kijani na vina harufu. Ni fangasi?

Mara nyingi siyo fangasi. Fremu nyingi za bei ya chini ni za mchanganyiko wa metali wenye shaba ndani, rangi ya juu ikichubuka jasho linagusa shaba na shaba inatoa kile kijani. Kinachanganyika na mafuta ya ngozi na vumbi, ndiyo ile takataka unayoiona. Siyo sumu ya kukutisha lakini inaweza kuchafua ngozi na kuwasha. Chukua mswaki laini wa zamani, sabuni, maji, sugua taratibu pale kipadi kinaposhikana na waya. Vipadi vikiwa vya njano au vigumu au vya kijani ndani kabisa usipoteze muda, badilisha. Kwa joto letu badilisha kila miezi 6 mpaka mwaka.

Usitumie dawa ya kufuta rangi ya kucha, inayeyusha fremu za plastiki na kuharibu lenzi, na mafuta ya taa pia hapana, nimeletewa miwani zimesafishwa kwa mafuta ya taa.

Siyo maumivu, ni muwasho. Ngozi imekuwa na vipele na magamba pale pale kipadi kinapokaa.

Hiyo inaweza kuwa aleji, na anayeshukiwa kwanza ni nikeli. Ni metali inayowekwa kwenye fremu nyingi za bei rahisi. Jiulize maswali mawili: je hereni za bandia zinakuwasha masikio? Je kifungo cha jinzi au chuma cha kufungia mkanda kinakuacha na vipele karibu na kitovu? Kama ndiyo, tumeshamkamata mhusika. Aleji hii haiji papo hapo, ngozi inachukua siku moja mpaka tatu kujibu, na mtu anaweza kuvaa nikeli miaka mingi bila shida kisha mwili ukaikataa ghafla, kwa hiyo usiseme "haiwezi kuwa fremu mbona nimevaa miaka mitano".

Suluhisho la kweli ni fremu ya titani halisi au ya plastiki, na vipadi vya silikoni. Kwa muda, wakati unajipanga kifedha, unaweza kupaka rangi ya kucha isiyo na rangi juu ya metali inayogusa ngozi, tabaka mbili, ikauke kabisa, na urudie ikibanduka. Ngozi ikiwa imevimba au inatoa maji nenda kwa daktari wa ngozi.

Lenzi zangu ni nzito kama vitako vya chupa, nifanyeje?

Niwahadithie bibi mmoja alikuja na mjukuu wake. Miwani yake ilikuwa ya lenzi za kioo, kioo kweli, ameivaa miaka na miaka, na pande zote mbili za pua kulikuwa na mashimo, siyo alama, mashimo, unaweza kulaza ncha ya kidole kidogo ndani yake. Akaniambia "mwanangu uzee una mambo yake". Nikamwambia hapana bibi, huu siyo uzee. Kioo cha miwani kina uzito kama mara mbili ya plastiki ya kawaida ya lenzi kwa ujazo ule ule. Tulimwekea lenzi za plastiki kwenye fremu ndogo nyepesi yenye vipadi vipana vya silikoni, akaivaa akainua mikono akaigusa, akasema "iko wapi?" Sijasahau.

Kwa hiyo la kwanza, kama bado una lenzi za kioo, badilisha ukiweza. La pili, chagua fremu ndogo. Watu wenye namba kubwa ya kutoa, yaani wasioona mbali, ndio utakuta wanapenda fremu pana za mtindo, na lenzi ya kutoa inazidi unene kadiri unavyokwenda pembeni, kwa hiyo kila milimita ya upana unainunua kwa uzito. Fremu ya duara au yenye kona zilizoviringwa, ambayo jicho linakaa katikati ya lenzi, ndiyo rafiki yako. La tatu, zipo lenzi za kupunguza unene, zinaitwa kwa namba kama 1.60, 1.67 na 1.74, namba inavyopanda lenzi inakuwa nyembamba na bei inapanda. Kwa mwenye namba zaidi ya 4 hivi zinaleta tofauti ya kuonekana, kwa mwenye 1 au 2 ningesema weka hela yako kwenye fremu nzuri.

Naweza kuirekebisha mwenyewe nyumbani?

Viwaya vya vipadi kwenye fremu ya metali ya kawaida, ndiyo, kidogo. Osha mikono, kaa mezani penye mwanga, tandaza kitambaa cheupe chini maana skrubu ya kipadi ikidondoka sakafuni ni ndogo kuliko mbegu ya ufuta na hutaiona tena. Bana kipadi kwa kidole gumba na cha shahada, sukuma kidogo kidogo, vaa, angalia, rudia. Ukivisogeza vikaribiane miwani inapanda juu, ukivitanua inashuka. Upande wa kulia ukiugusa na wa kushoto uutazame, vifanane. Waya ukishakunjwa mara nyingi unachoka na kukatika, kwa hiyo usifanye mchezo wa kila siku.

Kubadilisha kipadi chenyewe jua kwanza ni cha skrubu au cha kubonyeza, havibadilishani.

Plastiki ni hadithi nyingine. Inahitaji moto ndiyo ikunjike, sisi tuna mashine ya upepo wa moto na tunajua kiasi. Usiweke kwenye maji yanayochemka, usiipitishe juu ya jiko au mshumaa au kiberiti cha gesi. Tabaka la juu la lenzi linapasuka vinyufa vidogo kama nyavu, na hilo halirudi. Fremu zisizo na ukingo usiziguse kabisa, lenzi zimetobolewa na zinapasuka pale pale kwenye tundu.

Fremu yangu ya plastiki haina vipadi vya kukunja, ndiyo nimeshakosa?

Hapana. Kuna vipadi vya kubandika vya silikoni, vina unene tofauti kuanzia kama milimita 1 mpaka 2 na nusu. Osha fremu, ikauke kabisa, futa mafuta yote, bandika, bana kwa kidole dakika nzima kila upande, halafu iache usiku mzima bila kuivaa. Wengi wanabandika na kuivaa hapo hapo, jioni wanakuja kusema vimebanduka. Kama fremu unaipenda sana fundi mwenye vifaa anaweza kutoboa na kuweka viwaya vya vipadi kwenye plastiki, kazi hiyo ipo, ulizia.

Nimebaki na weusi pande zote za pua, unatoka?

Unafifia, lakini polepole, hesabu miezi. Ngozi yetu ikisuguliwa inajibu kwa kutoa rangi zaidi, na itaendelea kutoa maadamu kinachoisugua kipo. Kwa hiyo kwanza fiti miwani, pili paka losheni ya jua kila asubuhi pua nzima, tatu acha kukwangua.

Na tafadhali sana dada zangu na kaka zangu msikimbilie krimu za kuchubua. Zenye zebaki na haidrokwinoni zimepigwa marufuku hapa Tanzania na zinauzwa hivyo hivyo kwa kificho, na zile tyubu zenye betamethasone au clobetasol ni dawa za kuandikiwa, usoni zinakondesha ngozi mpaka mishipa inaonekana. Nimeona mtu aliyekuja na weusi wa ukubwa wa kunde akarudi na uso mzima umewaka mwekundu.

Kimekuwa kidonda. Nipake nini?

Pumzisha pua kwanza, vaa pale tu unapolazimika. Osha kwa maji safi na sabuni isiyo kali, kausha kwa kugusa usisugue, paka mafuta ya mgando kidogo sana usiku wakati miwani iko mezani. Mchana usipake chini ya kipadi, itateleza. Dawa ya meno hapana. Halafu leta miwani, maana kidonda kikipona na miwani ikabaki vile vile kitarudi.

Wakati mwingine msuguano wa muda mrefu unatengeneza uvimbe mgumu wenye mfereji katikati, kama punje ya kahawa, juu ya pua au nyuma ya sikio. Ule hauna madhara na huwa unapungua miwani ikirekebishwa, lakini unafanana na baadhi ya saratani za ngozi, kwa hiyo usijipime mwenyewe. Kidonda au uvimbe uliopita wiki 4 haujapona, au unatoa damu ukiguswa kidogo, au unakua, peleka hospitali.

Hapa naongea hasa na ndugu zangu wenye ualbino. Wengi wenu mnavaa miwani tangu utotoni, na ngozi yenu haina kinga ya jua, vitu hivyo viwili vinakutana pale pale puani. Usiache pua bila losheni eti kwa sababu miwani inateleza, paka, subiri ikauke, kisha vaa. Hospitali ya KCMC kule Moshi kuna kituo cha magonjwa ya ngozi, na losheni ya jua ya Kilisun inatengenezwa huko Moshi kwa ajili yenu, ulizia kliniki ya karibu nawe kama wanaigawa. Na kidonda chochote puani usikipe muda wa "ni miwani tu".

Mtoto wangu anaivua kila saa.

Usimchape. Mtoto mdogo mgongo wa pua bado haujanyanyuka, fremu ya mtu mzima iliyopunguzwa ukubwa haimfai kabisa. Mtafutie yenye pedi laini ya silikoni ya kipande kimoja inayopita juu ya pua yote, mikono inayozunguka sikio au mkanda laini wa nyuma ya kichwa. Ukimwona anachungulia kwa juu ya lenzi ujue imeshashuka. Mrudishe kufitishwa kila miezi mitatu hivi, anakua huyo. Hili la mtoto nalichukulia kwa uzito kuliko yote, kwa sababu kama amepewa miwani ili jicho moja lililo dhaifu lifundishwe kuona, kazi hiyo inafanyika vizuri akiwa bado mdogo, kabla ya miaka 7 au 8. Maumivu ya pua yakimfanya aivue tunapoteza miaka ambayo hairudi.

Navaa hijabu, mikono ya miwani inasukumwa.

Chagua mikono myembamba iliyonyooka isiyo na kona kali nyuma, inaingia na kutoka bila kuvuruga kitambaa. Ukipitisha chini ya hijabu moja kwa moja kwenye ngozi, usifunge kwa kubana pale juu ya masikio. Ukipitisha juu ya kitambaa, njoo na hijabu yako siku ya kufiti, tufiti ukiwa umevaa kama unavyovaa siku zote. Hata ukiwa na kofia ndogo ya ndani, ivae. Waendesha bodaboda hivyo hivyo, helmeti kwanza, miwani baadaye, na kuvua ni kinyume chake.

Pua itabadilika umbo?

Mfupa hapana. Kinachobonyea ni ngozi na nyama laini, na mzigo ukiondoka inarudi, kwa mzee inachukua muda zaidi.

Nimevunjika pua kwenye ajali, nivae lini?

Daktari aliyekutibu ndiye wa kusema, kwa kawaida ni wiki kadhaa. Usivae kwa siri.

Kichwa kinauma hapa kati ya macho, ni miwani au ni sainasi?

Ivue saa moja. Maumivu yakipungua ni miwani inabana, au namba haijakaa sawa. Yakibaki, na una mafua mazito au ukiinama ndiyo yanazidi, muone daktari.

Naona aibu kurudi dukani, nilishachukua miwani miezi iliyopita.

Rudi. Kurekebisha ni sehemu ya kazi, maduka mengi hawatozi kwa miwani waliyouza wenyewe, na hata nyingine wanafanya kwa hela kidogo. Usiseme tu "inauma", maana fundi atakaza kitu chochote. Usiifute wala usioshe pua kabla, nenda na alama zako usoni. Mwambie inauma upande gani, juu au chini ya kipadi, inaanza saa ngapi baada ya kuvaa, na unafanya kazi umeinama au umekaa wima. Akimaliza usitoke. Vaa, inama uangalie chini, tikisa kichwa, tabasamu mpaka mashavu yapande, soma kitu kwenye simu. Kaa hapo kwenye benchi dakika kumi. Ikianza kuchimba tena, simama umrudishie, akunje upya, hata mara ya tatu.